Wachuka Aambiwe Habari ya Lori

Bismillahi. Haya, mmekaa wote? Mastura binti yangu, wewe kaa hapa karibu na kichwa, maana hii sauti yangu ambayo zamani ikiita mtu hapa Bondeni fisi wa Menengai walikuwa wanaitika labeka, siku hizi haimwamshi hata paka. Zeddy mwanangu, kaa kule miguuni nikuone uso. Dualeh, wewe si damu yangu, wewe ni mume wa binti yangu tu, lakini katika ukoo huu wote wewe ndiye mwenye gari, kwa hiyo kaa na wewe, ila usijibanze hapo pembeni kama mtu aliyekuja kudaiwa mbuzi. Wosia hauumi. Unaouma ni huu wa leo, lakini utawauma mkiwa mmekaa.

Na msianze kuniambia nitapona. Yule daktari aliponiwekea mpira wake kifuani nilimwona jasho likimtoka, nikamwambia, daktari, usiogope, unayosikia humo ni ng'ombe wote niliochinja tangu nizaliwe, wanatoka mmoja mmoja. Hakucheka. Daktari asipocheka, mtu anyooshe miguu mwenyewe kabla hajanyooshwa.

Tumalize kwanza mambo madogo, ya mali, maana Zeddy masikio yake yamesimama kama ya punda aliyesikia mahindi yanamwagwa. Nyumba ya nyuma, vyumba vyote vitatu, ni yenu, mgawane kama dini ilivyosema: Zeddy mafungu mawili, Mastura fungu moja, na usinikunjie uso Mastura, siyo mimi niliyeandika. Bucha na magogo yake na kulabu zake ni za Zeddy. Kile kisu kirefu nacho ni chako, kimekata shingo nyingi kuliko vita vya Mjerumani, nikikusikia unakatia vitunguu nitarudi. Ng'ombe walioko Rongai ni wa Mastura, hao dume lao lina hasira kama marehemu mama yenu, mwendeeni kwa adabu.

Lakini nyumba ya mbele, ile inayotazama barabara, ile yenye bati jipya, hiyo si yenu. Hiyo ni ya Wachuka.

Naam, Wachuka. Yule mama wa Njoro anayeuza viazi vitamu sokoni. Zeddy, funga mdomo, nzi wataingia. Hapana, si hawara yangu. Angekuwa hawara, mama yenu Kuluthum, Mungu amrehemu, angekuwa ameshanivunjia kiti kichwani zamani na leo tusingekuwa na kikao. Sheria inaniachia theluthi nimpe mtu asiye mrithi, nimemwuliza maalim mara tatu mpaka akachoka, na hiyo theluthi nimeshampa. Ila nyumba ni kitu kidogo. Kikubwa ni maneno. Kuna neno moja Wachuka anatakiwa aambiwe, na nimekaa nalo miaka sita, limenila mapafu yote mawili, hicho ndicho kikohozi mnachokisikia, si vumbi la magadi la ziwani kama ninavyowaambia majirani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi leo acheni kiniumbue nikiwa bado na mdomo.

Mnajua msiba wa nyumba ya pareto. Mnaujua kama nilivyowaimbia: mwaka wa hamsini na tatu, mwezi wa tisa, shambani kwa Mzungu tuliyemwita Bwana Kofia, juu ya Njoro, watu ishirini na wanane walichomwa moto ndani ya nyumba ya kukaushia pareto, serikali ikasema waliochoma ni watu wa msituni, wale waliokuwa wanapigana na Wazungu, na baba yenu Muhidin akaingia motoni kwa mikono yake miwili akatoa watu. Hii hapa mikono. Hii kweli iliungua, tazameni, ngozi imekunjamana kama ya kobe. Kwa ajili ya mikono hii nikapewa kiwanja cha nyumba ya mbele, na barua yenye muhuri, na heshima ya kukaa kiti cha mbele kila mwaka siku ya kuwakumbuka.

Wallahi nchi ililia. Nilikuwepo, nilisikia. Mwezi ule ziwa la Nakuru lilifurika machozi mpaka ndege heroe wakapanda kusimama juu ya mapaa. Sawa, Mastura, hawakupanda, lakini kidogo tu wapande. Maduka yalifungwa siku tatu, hata lile la kona ambalo halijafungwa tangu reli ipite. Bendera ikashushwa nusu mlingoti. Disii, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akavaa kofia yake ya manyoya, mabibi wa Kizungu glavu nyeusi, bendi ya polisi ikapiga ule wimbo wa polepole unaomfanya hata mbwa akae chini. Kengele kanisani, khitma msikitini. Jiwe likasimamishwa katika uwanja karibu na stesheni, na Disii akasema kwa kinywa chake, na mkalimani wake akapaaza, kwamba watu hawa hawatasahauliwa mpaka mlima uhame. Watu elfu kumi wakaitikia. Haya, elfu mbili. Lakini walilia kwa sauti ya elfu kumi. Kulikuwa na mashindano: mtu akilia huku, mwingine kule anaona kazidiwa, anajitupa chini. Kifo cha wengi harusi, wazee walisema, na mimi niliiona harusi, maana nilikuwa bwana harusi, nimefungwa bendeji mikono yote miwili, wapiga picha wamenizunguka.

Na msiba mkubwa, wanangu, ukishashiba machozi hutafuta mtu wa kupiga. Hotuba ilipokwisha, mtu mmoja akapaaza sauti kwamba yule mfagiaji wa barabara, pale, mwenye ufagio, hakuvua kofia. Ati alikuwa anacheka. Hakuwa anacheka, alikuwa na pengo. Wakamwendea watu wale wale waliokuwa wanalia, machozi bado yako mashavuni, wakampiga kwa ufagio wake mpaka mpini ukavunjika, halafu wakampiga kwa mpini uliovunjika, halafu kwa viatu. Nilisikia taya lake likitoka mahali pake, mlio kama mfupa wa mbuzi ukivunjwa kutafuta uboho. Na jiwe la kwanza kumpiga, kabla ya ule ufagio, lilitoka kwangu. Sikuweza kurusha kwa mkono, kwa hiyo nililipiga teke lile jiwe. Mnajua kwa nini? Kwa sababu nilikuwa naogopa, na mtu mwenye hatia akipata mwingine wa kupigwa, huona nafuu kama aliyepewa maji. Yule mfagiaji alikula uji kwa mrija mpaka alipokufa. Nisaidieni kumwombea, jina lake sikuuliza.

Mastura, maji. Kidogo. Basi.

Sasa sikieni jinsi nchi inavyosahau, maana mimi nilikaa kiti cha mbele na nikaona vizuri. Mwaka wa kwanza walikuja labda mia saba, Disii akaja, bendi ikaja nusu. Nikapanda jukwaani nikasimulia. Gazeti lilikuwa limeandika niliwatoa watu tisa. Mimi nikasema kumi na wawili. Hakuna aliyebisha. Mwaka wa pili walikuja watu mia mbili, Disii akatuma msaidizi wake, kijana aliyekuwa anatazama saa, na mwaka huo nikawatoa kumi na tisa. Mwaka wa tatu watu sitini, bendi hakuna, aliletwa mtu mmoja na tarumbeta, na tarumbeta yenyewe ilikuwa na kikohozi, na mimi nikawatoa ishirini na wanane wote. Mwaka wa nne maonyesho ya ng'ombe yalisogezwa yakaangukia siku ile ile, na fahali wa kutoka Molo mwenye uzito wa nyumba akawashinda maiti wetu wote. Tulibaki watu kumi na mmoja kwenye jiwe, wawili kati yao walikuwa wanasubiri garimoshi. Nikasimama nikasema niliwaokoa watu thelathini na wanne.

Umecheka, Dualeh. Cheka tu. Lakini fikiria. Waliofungiwa ndani walikuwa ishirini na wanane, wakafa wote ishirini na wanane, jiwe lenyewe limeandikwa, liko mgongoni mwangu, herufi kubwa kama kwato, na mimi nasimama mbele yake nasema niliwatoa hai thelathini na wanne, na watu wanapiga makofi. Watu walivyopungua, waliookolewa waliongezeka. Ndivyo nilivyojua wamesahau. Kusahau si kunyamaza, wanangu. Kusahau ni kupiga makofi bila kuhesabu.

Na mimi nilifurahi. Hilo ndilo liandikeni moyoni: kila mwaka watu walipopungua, nililala vizuri zaidi. Nikaanza kula, nikanenepa. Nikasema asiyekuwepo na lake halipo, bado mwaka mmoja tu jiwe lenyewe litaota majani, wanawake watalianikia nguo, na Muhidin atakufa shujaa.

Mwaka wa tano, mwaka jana, nilikwenda peke yangu, kwa mazoea, kama punda anayekwenda kisimani hata kikiwa kimekauka. Kweli nguo zilikuwa zimeanikwa juu ya jiwe, na kando yake amekaa mama mmoja na kikapu. Wachuka. Kumbe alikuwa akija kila mwaka, anakaa nyuma kabisa, na mimi kwa kupenda kutazamwa sikuwahi kumwona anayetazama. Akaniambia, "Karibu, mzee. Leo umechelewa, wenzako wote wameshakuja wameondoka." Akacheka. Uwanja mtupu. Nikacheka na mimi.

Akasema, "Mwaka jana ulisema uliwatoa thelathini na wanne."

Nikasema, "Labda thelathini na watatu, mama, moshi ulikuwa mwingi."

Akasema, "Mimi wangu walikuwa wawili. Wairuri na Gathoni. Mmoja wa miaka kumi na minne, mmoja tisa. Sasa katika hao thelathini na wanne, mzee, wangu uliwaweka wapi?"

Mimi, Muhidin, niliinama nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Akaniacha nifunge. Halafu akauliza lile lingine, polepole, kama mtu anayeuliza bei: "Hiyo siku mimi nilikuwa nimepeleka kikapu cha pareto kupimwa. Niliporudi nilikuta watu wanasukuma lori iliyoziba mlango. Nimeuliza polisi, nimeuliza kanisani, nimeuliza mpaka wafungwa. Nani aliweka lori pale?"

Nikamwambia, yule kijana wa Kizungu wa polisi ya akiba aliiendesha mwenyewe akaiweka.

Akasema, "Haya." Akatoa kiazi kitamu cha kuchemsha kwenye kikapu, akakivunja, akanipa nusu, tukala. Tangu siku hiyo sijashiba.

Sasa tulieni, maana nitasema mara moja tu, pumzi ya kurudia sina.

Asubuhi ile niliitwa shambani kwa sababu mimi ni mchinjaji. Ng'ombe kumi na mmoja wa Bwana Kofia walikutwa wamekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, wamekaa chini kama mbwa, wanalia, wengine viwele vimefyekwa, maziwa na damu vinachuruzika pamoja kwenye majani. Nikaletwa niwamalize, nyama isiharibike. Nikawachinja wote kumi na mmoja kabla jua halijapanda, damu mpaka kwenye viwiko. Hapo sikuongeza, ni kumi na mmoja.

Kijana yule wa polisi ya akiba, shingo nyekundu kama jogoo, alikuwa na askari wa shamba kama kumi, na wote walikuwa na wazimu wa wale ng'ombe. Wakaingia kwenye pareto wakawakusanya wachumaji, wanawake, wazee, watoto, vikapu bado viko mgongoni. Waliwapiga vitako vya bunduki. Mzee mmoja aliinama akatema meno mkononi kama mtu anayetema mbegu, akayatazama, akayatia mfukoni. Msichana mmoja alikanyagwa mkono mpaka vidole vikageuka. Wanaulizwa, nani alileta watu wa msituni? Hakuna anayejua. Basi wakaingizwa katika nyumba ya kukaushia. Mnaijua ilivyo: kuta za mawe, chini tanuri la kuni, juu yake vitanda vya waya na magunia vya kutandazia maua, na mlango mmoja tu, unaofunguka kwa nje. Komeo lake lilikuwa limevunjika.

Yule kijana akageuka akaniona mimi na lori yangu. Akasema, "Wewe bucha, rudisha gari nyuma, iwekee mlango matako. Dakika tano tu."

Nikairudisha. Mimi. Mikono hii. Nikaibana mlangoni mpaka chuma kikasaga mbao, nikashuka nikaweka jiwe chini ya gurudumu, kwa sababu mimi ni dereva hodari, siachi gari kwenye mteremko bila jiwe. Na hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini iwake, nikaichomoa nikaenda nayo, maana watu wa mashamba ni wezi wa hendeli. Hakuna aliyenishikia bunduki, Zeddy. Usiniangalie hivyo, usinitafutie bunduki. Ningesema gari mbovu, angeniamini. Nilifanya kwa sababu Mzungu aliniita hodari mbele za watu.

Nikaenda jikoni kwa mpishi. Kipketer, mnamkumbuka, yule mrefu, alikuwa akinipa chai. Na nisikilizeni hapa: wakati wanaingiza watu nilimwona Chepkemboi, mke wa Kipketer, hata si mchumaji, alikuwa anapita na debe la maji, akasombwa na wengine. Alinitazama. Nikasema moyoni, nitamwambia mumewe aje amtoe. Nilikwenda jikoni na neno hilo mdomoni. Lakini pale jikoni kulikuwa na watu, boi wa nyumbani, na mtu wa maziwa, na Kipketer mwenyewe, na mtu wa maziwa akasema, "Mzee Muhidin, hebu tupe ile ya simba." Nikasema moyoni, kwanza nimalize ya simba.

Mnaijua ya simba. Simba wawili, kifuniko cha sufuria. Nikaanza. Nikapiga magoti, nikanguruma, nikavaa kifuniko kichwani. Wanacheka wanashika mbavu. Katikati, Kipketer akainua kichwa akasema, "Mzee, umesikia hiyo?" Nikasikia. Nikamwambia, "Hao wanapigwa, watanyamaza. Sasa sikia, simba wa pili akaja kwa nyuma..." Na Kipketer akacheka. Alicheka mpaka akamwaga maziwa. Mkewe alikuwa anaungua, hatua mia moja kutoka pale, na yeye anacheka, kwa sababu mimi sikutaka kukatizwa.

Hakukuwa na simba, wanangu. Alikuwa fisi, mmoja, na alikuwa mgonjwa, na aliyemwua ni mama yenu.

Askari walikuwa wamejaza majani mabichi na pareto ndani ya tanuri, wawapulizie moshi, wakohoe, waseme. Magunia yakashika. Nilipotoka mbio paa lilikuwa linalia, mabati yanajikunja kama karatasi. Askari wanasukuma lori, haiendi, lile jiwe langu liko chini ya gurudumu, hakuna anayeliona kwa moshi. Na ndani, ah. Walikuwa wanapiga mlango kwa vichwa. Nilijua ni vichwa, nimechinja maisha yangu yote, najua mlio wa fuvu. Nikatia hendeli, nikazungusha, ikakataa. Nikazungusha, ikanirudia ikanipiga kifuani. Boneti ilikuwa imeiva, ngozi ya viganja ikabaki juu ya chuma, ndipo nilipoungulia, siyo kuokoa watu, ni kuwasha gari. Mara ya tatu ikawaka. Nikalipiga teke jiwe, nikaiondoa. Mlango ukaanguka na waliokuwa wameuegemea wakaanguka nao, wameshikana, huwezi kusema mkono huu wa nani. Nikavuta tisa. Wote maiti. Watatu walitoka wanatembea, wanatembea kweli, wakiwa wanawaka, wakafika kwenye birika la ng'ombe, wakakaa kandokando yake kama watu waliochoka. Jua halijazama walikuwa wamekufa. Chepkemboi alikuwa wa tatu.

Kipketer akaniuliza, "Ulimwona akiingia?" Nikasema, sikumwona. Akarudi kwao Olenguruone, akafa mwaka juzi. Huyo nitamkuta mimi mwenyewe, na huko hakuna wa kunisaidia kusema.

Hakuna mtu wa shamba aliyekubali kugusa maiti. Kwao maiti haiguswi, na jina lake halitajwi, na siwalaumu. Tulikwenda sisi Waislamu wa hapa Bondeni, tukachimba. Kuosha hatukuweza, ukimwaga maji nyama inaondoka, tukawapaka vumbi tu kama msafiri asiye na maji. Tukawalaza wote wanaelekea kibla, Wakristo na wasio Wakristo, sisi hatukujua njia nyingine. Kwa hiyo Wairuri na Gathoni wamelala wanaelekea Makka. Na hilo mwambieni Wachuka, ana haki ya kujua.

Zeddy, rudi ukae. Rudi. Najua unachowaza. Unawaza watu watasemaje, mwana wa shujaa kesho atakuwa mwana wa nani. Unawaza wamesahau wote, baba, kwa nini ukwangue kidonda? Ndiyo, wamesahau. Elfu mbili wamesahau, na Disii amehama, na mlima uko palepale. Amebaki mmoja. Mtu mmoja anayekumbuka ni mzito kuliko bendi nzima. Na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wewe una watoto wawili kule ndani wanacheza, nenda kawatazame, halafu urudi uniambie ninyamaze.

Ndiyo. Nilijua utakaa.

Ngojeni... ngojeni nivute pumzi. Hapana, si maji.

Haya. Mtakwenda kwa Wachuka. Mkifika hamketi mpaka awaambie. Mtasema, aliyeweka lori ni baba yetu, kwa mkono wake, hakushikiwa silaha, na wakati wanawe wanapiga mlango yeye alikuwa jikoni anasimulia uongo. Hivyo hivyo. Msiongeze. Msiseme alilia sana, msiseme alikuwa mtu mwema. Mastura, wewe una ulimi wangu, jichunge. Akiwatemea mate, yapokeeni. Akiwafukuza, ondokeni, mwache karatasi ya nyumba mlangoni. Akikataa nyumba, msiilale ninyi. Bomoeni bati, acheni upepo uikae. Na mkikutana na mtu anawaita watoto wa shujaa, msahihisheni palepale, hata kama ni harusini.

Msinijengee kaburi kubwa. Mimi nimeona mawe makubwa yanafanya kazi gani.

Mungu awape riziki. Awape... awape haya usoni na nyama ya kutosha. Asiwape elfu mbili wa kuwalilia siku moja. Awape mmoja asiyechoka. Zeddy, lete kichwa nikishike. Mbona kikubwa hivi, umekitoa wapi, si kwangu. Mastura na wewe. Nimewaridhia. Dunia na akhera nimewaridhia.

Dualeh. Gari ina petroli? Basi ilete hapa uani.

Ndiyo, sasa. Nimebadili shauri. Mkienda bila mimi mtaogopa, mtasema nusu, au mtaniremba. Nawajua, ni wanangu. Niwekeeni godoro nyuma, nifunikeni. Njoro ni karibu, zamani nilikuwa naenda kwa mguu nikiwa nimebeba ng... nimebeba kikapu. Kikapu tu.

Niinueni. Polepole... hapo mbavuni. Zeddy, shika miguu.

Mkiona nimenyamaza njiani, msipige kelele, msikimbilie sanda, msirudi kuita maalim. Kaburi litaningoja. Mnilaze mbele ya Wachuka kama nilivyo, na Zeddy aseme.

Nikikata roho njiani, Dualeh, usigeuze gari.